Diski ya breki ikigoma kutoka, weka nyundo chini

Wakuu, wenye pikapu zinazoshinda mwaloni Kirumba, Mwanza, kubeba dagaa, siku ya kubadili pedi na diski za mbele utakuta diski imeng'ang'ania habu (kitovu kinachoshika tairi) utadhani imechomelewa. Usigonge na nyundo, unaua beringi bure. Ukishatoa kalipa (ile inayobana pedi) na breketi yake angalia usoni mwa diski, katikati ya stadi (zile bolti zinazoshika tairi), kuna vitundu viwili vyenye thredi, Toyota nyingi vinaingia bolti ya milimita 8 (ile ya spana namba 12). Tia bolti mbili, kaza huku nusu raundi na huku nusu raundi, ncha zinasukuma habu na diski inajitoa yenyewe, utasikia tu "tah!". Yangu ya kulia jana ilitoka dakika mbili baada ya kuhangaika nayo asubuhi nzima. Kabla ya kufunga mpya kwangua kutu kwenye habu na brashi ya waya, ikibaki diski inakaa upande halafu usukani unatetemeka ukikanyaga breki. Thredi zikishaliwa na kutu hii haifanyi kazi, na zile Hilux 4x4 za zamani diski imefungwa kwa nyuma ya habu, hapo habu yote inashuka tu.