Kinembe: namna ya kukifahamu, na namna ya kufika kileleni

Ukilitaja neno "kileleni" hapa Moshi, watu wengi watageuza macho kuelekea mlimani, wala si kosa lao. Kilele ninachokikusudia ni cha raha ya tendo la ndoa; hakihitaji mpagazi wala ada ya hifadhi, na bado wapo wanawake walioishi katika ndoa miaka 20 bila kukifikia, kwa sababu tu hakuna aliyewaeleza jinsi miili yao ilivyoumbwa.

Anza kwa kuangalia. Funga mlango mchana, mwanga wa dirishani ukiwa wa kutosha, nawa mikono, kisha chuchumaa juu ya kioo kidogo. Mashavu makubwa ya nje ndiyo yenye nywele. Ndani yake yapo mashavu madogo, ambayo mara nyingi hayalingani, na hilo si ugonjwa. Yanapokutana kwa juu utaona kikunjo cha ngozi, na chini ya kikunjo hicho kipo kinembe, kidogo kama punje ya dengu. Kinachofuata ni tundu la mkojo, kisha mlango wa uke.

Punje hiyo ni ncha tu. Ichukue panda ya manati, ile ambayo watoto huichonga kwa tawi la mpera, uigeuze juu chini: mpini wake ni shina la kinembe, na matawi yake mawili ni miguu iliyojibanza kwenye mifupa ya nyonga, huku mafumba mawili ya nyama laini yakiukumbatia uke kwa pande zote mbili. Daktari wa Australia, Helen O'Connell, alilieleza umbo hilo upya na kwa kina mwaka 1998, na kiungo chote hufikia takriban sentimita 10. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walihesabu nyuzi za neva zaidi ya 10,000 zinazokihudumia. Ile hesabu ya 8,000 iliyozoeleka ilitokana na ng'ombe. Sehemu ya ndani ya uke, kwa upande wake, ina neva chache, na ndiyo maana wanawake wengi hawafiki kileleni kwa kuingiliwa peke yake.

Kwa hiyo usiiparamie ncha yenyewe, maana kwa wengi mguso wa moja kwa moja huuma. Papasa pembeni, au juu ya kikunjo, taratibu, mpaka damu ijae na kiungo chote kivimbe. Wakati huo majimaji huchuruzika kutoka katika kuta za uke. Yakipungua, si lazima iwe hamu imepungua, kwani kunyonyesha na kukoma hedhi pia huyapunguza. Tumia jeli ya maji kutoka duka la dawa, wala si mafuta ya mgando wala ya kupikia, ambayo huharibu kondomu.

Karibu na kilele, kinembe hujirudisha chini ya kikunjo chake. Hapa ndipo waume wengi hukosea: hudhani kimepotea, wakaongeza nguvu au wakahamia kwingine. Aendelee vilevile, kwa kasi ileile, na mke naye aseme kwa kinywa, "Baki hapo hapo, usibadilishe," kwa kuwa mume hawezi kuyasoma hayo gizani. Kinachofuata ni misuli ya nyonga kujibana na kuachia kwa mapigo yanayopishana kwa takriban sekunde 0.8, kama watafiti wa Marekani Masters na Johnson walivyoeleza mwaka 1966.

Kwa aliyekeketwa utotoni, desturi ambayo sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 ilikataza kufanyiwa wasichana walio chini ya miaka 18, sehemu kubwa ya kiungo hicho kwa kawaida imebaki chini ya ngozi. Atafute hisia pembeni ya kovu, bila haraka, na akiona maumivu aende kliniki ya magonjwa ya wanawake, katika hospitali ya KCMC au ya Mawenzi hapa Moshi, aeleze waziwazi kwamba tendo linamuuma.