Kurudisha saa ya mwili: somo kwa waliochoka kukesha

Nilikanda unga usiku miaka 9 katika tanuri moja la mikate hapa Ngamiani, Tanga. Nilipohamia kazi ya mchana nilidhani usingizi utarudi wenyewe. Haukurudi. Saa 8 usiku vidole vilikuwa vinatafuta donge kwenye shuka. Adhana inanikuta macho makavu, naswali, narudi kujilaza, nazinduka saa 4 asubuhi. Kumbe huo usingizi wa pili ndio uliokuwa unaniharibia.

Saa ya mwili imo ndani ya ubongo, na kwa watu wengi mzunguko wake huzidi kidogo saa 24. Isiposahihishwa, kila siku inachelewa. Kinachoisahihisha zaidi ni mwanga unaoingia machoni. Anayekwambia ni uvivu, mwambie walioonyesha jinsi saa hii inavyofanya kazi ndani ya seli walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017.

Kwanza, shika saa ya kuamka. Ya kulala iache. Mimi nilichagua saa 11 alfajiri, Ijumaa na Jumapili vilevile, hata kama nimelala kwa muda wa saa mbili tu. Baada ya swala sikurudi kitandani. Siku nne za mwanzo ni ngumu, sikufichi. Kichwa kinakuwa kizito kama gunia la ngano.

Pili, toka nje jua likichomoza. Nusu saa inatosha. Nilikuwa nachukua baiskeli mpaka Raskazone, nakaa kuangalia ngalawa zikirudi. Usilikodolee jua lenyewe. Mwanga wa anga unatosha, hata kukiwa na mawingu. Sisi wa pwani tuna bahati: tofauti ya macheo mwaka mzima haifiki saa nzima.

Tatu, jioni punguza mwanga. Giza ndilo linaloruhusu ubongo kutoa melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba ni usiku. Simu iwekwe mbali saa moja kabla ya kulala.

Nne, kitanda. Hapa wengi wanashindwa, kwa hiyo soma taratibu. Andika wiki mbili saa unazolala kweli. Zikiwa 6, kaa kitandani saa 6 tu: panda saa 5 usiku, shuka saa 11. Muda wa kitandani usiupunguze chini ya saa 5 hata iweje. Ukigaagaa kama dakika 20, inuka, na saa usiitazame. Mimi nilikuwa natoka barazani, nakaa mkekani na koroboi, navuta tasbihi mpaka kope zinalegea, ndipo narudi. Usiku wa kwanza nilitoka mara tano. Usingizi ukishashikana, ongeza dakika 15 kila wiki.

Kahawa: mwisho saa 6 mchana. Ukinywa saa 11 jioni, saa 4 usiku karibu nusu ya nguvu yake bado imo mwilini.

Maswali

*Shikamoo mzee. Mimi ni bodaboda Makorora. Nikianza hii si nitasinzia barabarani?*

Marahaba mwanangu. Utasinzia, na ndiyo maana hatua ya nne usiianze ukiwa kazini. Fanya tatu za kwanza. Mwenye kifafa naye asipunguze saa za kulala bila daktari.

*Mume wangu anakoroma, anakata pumzi, kisha anashtuka. Somo hili linamfaa?*

Hapana dada, mpeleke hospitali. Hilo ni tatizo la njia ya hewa.

*Nalinda usiku huku Pongwe. Jua la asubuhi linanikuta narudi nyumbani.*

Wewe geuza somo, ndugu yangu. Vaa miwani ya jua ukirudi, ikiwa huendeshi. Ziba dirisha kwa leso mbili, ulale hapohapo. Mwanga wako uutafute jioni kabla ya kuingia lindo.

*Nimetumia vidonge vya usingizi mwaka mzima. Niviache leo?*

Usiviache ghafla, mwanangu. Vingine ukivikata mara moja usingizi hutoweka kabisa, na mwili hutetemeka. Nenda kwa daktari akupunguzie kidogo kidogo, huku asubuhi unatoka nje.

*Na Ramadhani je, mzee? Daku inavuruga kila kitu.*

Baada ya tarawehe lala moja kwa moja, acha baraza la kahawa. Amka daku, swali, kisha ukiweza toka juani. Mchana jinyooshe dakika 20 baada ya adhuhuri, isifike alasiri.