Kabla hujaripoti chuoni: kwa mwanafunzi kuchu wa Moshi na Arusha

Majina ya waliochaguliwa yakishatoka, kila mtu nyumbani anageuka mshauri wako. Mama anawaza godoro, baba mdogo anawaza ada, shangazi anauliza kama umepata hosteli. Hakuna atakayekuuliza utamkimbilia nani siku mambo yakiharibika kwa sababu wewe ni kuchu, yaani mpenzi wa jinsia moja. Hilo utalipanga mwenyewe, na ulipange sasa, kabla hujafunga begi.

Kwanza ujue unakokwenda. Chuo Kikuu cha Michigan kule Marekani kilifungua ofisi ya kuwahudumia wanafunzi wapenzi wa jinsia moja mwaka 1971. Ukibaki huku kwetu usitafute bango la ofisi kama hiyo. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinataja kifungo cha kuanzia miaka 30 hadi maisha kwa kuingiliana kinyume na maumbile, nacho hakijaondolewa. Ila shika tofauti hii: sheria inaadhibu tendo. Kuhisi unavyohisi, kuongea na mshauri, kwenda kutibiwa, hayo hayamo. Wapo watakaokutisha kwamba ukifungua mdomo tu unalala ndani, na mara nyingi anayekutisha hivyo anataka hela.

Vyuo vyetu vingi ni vya makanisa. Mwenge ni cha Wakatoliki, Makumira ni cha Walutheri, Chuo Kikuu cha Arusha ni cha Wasabato. Unaweza kusoma huko vizuri tu na kumaliza kwa heshima, lakini kile kijitabu cha kanuni za wanafunzi kisome chote kabla hujasaini fomu ya kuzikubali. Ujue wanamfukuza mtu kwa lipi, nani anakaa kwenye kamati ya nidhamu, na rufaa inakatwa kwa nani.

Malazi: hosteli ya chuo unapangiwa mtu usiyemchagua. Ukichukua chumba mtaani, Rau au Soweto au Njiro, mkataba uwe na jina lako. Mwenye jina kwenye mkataba ndiye anayemfukuza mwenzake.

Fedha: boom, ile hela ya kujikimu ya mkopo, ikiingia, tenga nauli na chakula cha mwezi mmoja, usiziguse. Kama ada analipa ndugu, kumbuka kwamba ndugu huyo anaweza pia kuacha kulipa.

Simu: funga kwa namba, usifunge kwa kidole. Zima meseji zisijitokeze kwenye kioo. Nitakuambia sasa hivi kwa nini nasisitiza kidole.

Fomu ya kujiunga ina sehemu ambayo wanafunzi wanaijaza kwa haraka kuliko zote: mtu wa kuarifiwa wakati wa dharura. Unaandika namba ya anayelipa ada, unageuza ukurasa, umesahau. Mdogo wangu mmoja, wa kumlea si wa kuzaliwa, alifanya hivyohivyo. Mwaka wa pili, usiku, kidole tumbo kikamshika. Mwenzake wa chumbani akamwamsha mlezi wa hosteli, mlezi akafungua faili, akapiga namba aliyoikuta. Ilikuwa ya baba yake mdogo aliyekuwa Arusha. Kulipokucha mzee yuko wodini. Na nimpe haki yake: alisaini karatasi za upasuaji, alilipa, alikaa kwenye benchi mpaka kijana anatoka chumba cha upasuaji. Kwa upande wa ugonjwa hakuna baba angefanya zaidi.

Ndipo nesi akamkabidhi mali za mgonjwa: suruali, kandambili, pochi, simu. Mzee alitaka kumpigia mama mtu, na simu yake mwenyewe ilikuwa imeisha chaji. Akachukua mkono wa kijana, ambaye bado alikuwa hajaamka vizuri kwenye nusu kaputi, akaweka kidole chake kwenye simu. Ikafunguka. Wakati anatafuta namba ya mama, ikaingia sauti ya mtu anayeuliza, "Mpenzi, mbona kimya tangu jana?" Sauti ya kiume. Mzee akaisikiliza, kisha akaanza kusoma meseji kurudi nyuma.

Wodini hakusema neno. Siku ya kuruhusiwa gari halikwenda hosteli, likapanda mlimani hadi nyumbani. Kikao cha ukoo kikakaa, mchungaji akaitwa, simu ikafungiwa kabatini, ada ikasimamishwa. Mitihani ikampita akiwa chumbani kwa bibi yake na kidonda tumboni.

Hapo kwenye mitihani ndipo panaponiuma hadi leo. Kuahirisha masomo kwa ugonjwa kunawezekana. Inatakiwa barua na karatasi ya hospitali, zifike kwa wakati. Hakuna aliyeziandika, kwa hiyo chuo kikahesabu kwamba ameacha masomo mwenyewe. Na kijana hakuwa mpweke! Alikuwa na marafiki wa kweli hapa mjini, watu ambao wangembeba mgongoni. Walidhani amesafiri. Mmoja wao alipokwenda hosteli kumuulizia, mlezi akamwuliza, "Wewe ni nani yake?" Akabaki amesimama mlangoni, hana jibu, akaondoka. Upendo wote ule haukuwa na jina kwenye karatasi hata moja. Kijana alianza upya chuo kingine mwaka uliofuata, na aliyempigania ni mama yake, ambaye angepewa habari taratibu tangu mwanzo huenda ukoo usingekaa kabisa.

Basi fanya hivi. Ukishatimiza miaka 18 wewe ni mtu mzima, na mtu wa kuarifiwa unamchagua mwenyewe, hata katikati ya mwaka unaweza kwenda kumbadilisha. Chagua mtu mzima mwenye kazi, anayepokea simu usiku, anayeweza kusema "mimi ni dada yake" au "ni mtoto wa shangazi yangu" bila kigugumizi. Binamu anayekujua ulivyo, mwalimu wako wa zamani, rafiki mkubwa aliyekutangulia maishani. Usimweke mpenzi; mkiachana Machi, Aprili utaumwa. Usimweke mwanafunzi mwenzako peke yake, maana ataulizwa swali lile la mlangoni. Kabla hujaandika namba yake mwombe, kisha mweleze kazi yake: afike, achukue begi na simu, awapigie wazazi kwa utulivu, apeleke barua chuoni. Wazazi lazima waambiwe mtoto wao anaumwa, sikutumi uwafiche. Ninachotaka ni begi lishikwe na mtu uliyemchagua.

Namba ya mtu huyo ikae kichwani. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 54, inampa aliyekamatwa haki ya kuomba awasiliane na wakili, ndugu au rafiki, lakini simu yako muda huo itakuwa mezani kwa polisi. Namba usiyoikumbuka haitakusaidia kitu.

Afya. Wizara ya Afya ilisitisha huduma za VVU kwa makundi maalumu, nasi tumo humo, kwenye vituo kadhaa vya binafsi mwaka 2017, kwa hiyo usibebe anwani uliyoiokota kwenye ukurasa wa zamani ukafunga safari. Uliza kwanza kwa mtu aliyetibiwa hapo karibuni. Dawa za kuzuia maambukizi baada ya hatari zianze ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, na zinamezwa siku 28. Kliniki za tiba na matunzo ziko kwenye hospitali kubwa za Moshi na Arusha, na huhitaji kusimulia maisha yako yote ili upewe dawa. Sema ulikuwa kwenye hatari na ilikuwa lini. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inamtaka mhudumu atunze siri ya majibu yako.

Mshauri wa wanafunzi anaweza kuwa msaada mkubwa, au akawa ndiye mlango wa kamati ya nidhamu. Kabla hujamwaga moyo, muulize: "Nikikwambia jambo, nani mwingine atalijua?" Akijibu kwa kuzungukazunguka, ongea naye habari za usingizi na masomo, inatosha. Hata hapo atakusaidia.

Kuwapata wenzako kunataka subira. Ingia kwa kushikwa mkono na mtu unayemjua, usiingie kwa tangazo. Uliyekutana naye mtandaoni muonane mchana, mahali pa watu, Stendi Kuu au mgahawani, na mtu wako ajue uko wapi. Usikubali geto, yaani chumbani kwake, mara ya kwanza. Picha yenye uso na mwili pamoja usimtumie mtu yeyote, hata anayekuapia kwa mama yake. Akikutishia kukuanika, usilipe. Ukilipa leo kesho atarudi na bei mpya. Tunza meseji zake na umpigie mtu wako siku hiyohiyo.

Wewe unayekwenda nje, hongera, nawe usilale. Afrika Kusini katiba ya 1996 inakataza ubaguzi kwa misingi ya mwelekeo wa kimapenzi, na vyuoni utakuta vikundi vya wanafunzi vilivyosajiliwa. Jiunge, pumua, soma. Lakini picha za maandamano hazijui mpaka. Mwambie kila mwenye kamera kwamba wewe huwekwi mtandaoni, na useme mapema, kabla hajapiga. Nairobi ni karibu ukipitia Namanga, ila usidanganyike na ukaribu. Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua Februari 2023 kwamba kukataa kusajili chama cha kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja kulikuwa kosa, hata hivyo kifungo cha hadi miaka 14 kwa tendo lilelile bado kimo kwenye sheria yao. Ukirudi likizo, safisha simu kabla ya kufika mpakani, usisubiri kufika nyumbani.

Mengine ni ya kila siku. Usilewe na watu usiowajua. Usipande toyo usiku wa manane kwa sababu umegombana na mtu. Usimwambie siri yako aliyekwambia siri ya mwingine. Lipa kodi mapema, tunza risiti. Nakala za cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule ziache kwa mtu wako wa dharura, za asili usiziache zote kwenye kabati la nyumbani. Na ile fomu, kama umeshaijaza, nenda Jumatatu ukaombe waifungue.