Kuunda fonti ya mabango kwa shirika la utafiti wa afya

Tuchukue mfano wa Wellcome ya London, shirika la hisani linalofadhili utafiti wa afya, lililoanzishwa mwaka 1936 kwa wosia wa Henry Wellcome. Programu yake ya utafiti pamoja na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ilianza Kilifi, pwani ya Kenya, mwaka 1989, kwa hiyo fonti ya shirika la namna hiyo ni lazima ikidhi Kiswahili pia.

Kabla ya kuchora chochote, kusanya maneno ambayo shirika huyaandika kila siku. Jina Kilifi peke yake ni mtihani: baada ya K zinafuatana i, l, i, f na i, na katika fonti nene isiyo na vijikono kwenye ncha, mistari hiyo husimama kama fito za ua. Ipe l mkia unaopinda kulia, kisha fupisha kichwa cha f kisigonge nukta ya i, au uchore f na i kuwa umbo moja.

Hatua ya pili ni kuchora n na o, kwa sababu h, m na u hutokana na n, nazo b, d na p huchanganya zote mbili. Mviringo wa o upite kidogo mstari wa juu na wa chini, la sivyo jicho litauona mdogo kuliko n. Kwenye gridi ya vipimo 1000, ziada ya 10 hadi 15 kila upande hutosha mara nyingi.

Kisha panga nafasi kati ya herufi. Anza na mfuatano wa majaribio “nnonoo”, ndipo urekebishe jozi ngumu kama “We” na “Ta”. Jaribu pia “kung’atwa na mbu”: alama ya ritifaa isiache pengo linalokata neno vipande viwili.

Tarakimu zisifanyiwe haraka. Bango la afya hubeba vipimo vya dawa, na mimi sikubali fonti ambayo 1, l na I zinafanana, hata iwe nzuri kiasi gani.

Swali: Mwalimu, je, fonti hii inafaa kwa fomu za ridhaa za washiriki wa utafiti?

Jibu: Hapana. Herufi zake nene hujaa wino na kuziba zikipunguzwa, na mshiriki ana haki ya kusoma kila sentensi bila taabu. Tafuta fonti nyingine ya matini.

Swali: Sina fedha za programu. Nianzie wapi?

Jibu: FontForge, programu ya kuunda fonti, hutolewa bure, nayo hutoa faili za OTF, yaani faili za fonti zinazosakinishwa kwenye kompyuta.

Swali: Fonti ikikamilika ni mali ya nani?

Jibu: Yategemea mkataba, kwa hiyo mwandikiane kabla ya kuanza, mkitaja pia nani ataruhusiwa kuongeza herufi baadaye.