Mbwa wa shambani apewe muda wa kukomaa kabla ya kutumwa kufukuza sungura

Wakulima wengi wa Dodoma wanaofuga mbwa ili wawasaidie kufukuza sungura katika mashamba ya kunde, choroko na karanga huwakatia tamaa mbwa hao mapema mno. Mbwa akifikisha miezi 8 au 9 umbo lake huwa limeshalingana na la mbwa mkubwa, kwa hiyo hutarajiwa kufanya kazi ya mbwa mkubwa, na akishindwa huitwa mvivu, hugawiwa kwa jirani au huachwa azurure mnadani akila mabaki. Mkulima huyohuyo hamfungi nira ndama wa mwaka mmoja hata kama ndama ana mwili, kwa kuwa anajua kwamba shingo yake haijawa tayari. Mbwa naye anastahili kusubiriwa hivyo, na muda unaomfaa ni misimu miwili ya mvua: wa kwanza wa kujifunza, wa pili wa kuanza kazi.

Sababu ya kwanza ipo ndani ya mwili wake. Meno ya utotoni hung'oka na kupisha ya ukubwani kati ya mwezi wa 4 na wa 7, na kimo hukaribia kukamilika kabla ya mwaka kwisha, lakini ncha za mifupa ya miguu bado zina gegedu laini ambalo halijawa mfupa kamili. Kwa mbwa wetu wengi wa kienyeji sehemu hizo hufunga karibu na umri wa mwaka mmoja, na kwa mbwa wenye umbo kubwa huweza kuchelewa hadi miezi 18. Mbwa anayekimbizwa kwa nguvu kabla ya hapo, akikata kona kwenye ardhi iliyokauka na kuruka makorongo, anaweza kuumia viungo vya mabega, viwiko na nyonga, na madhara hayo mara nyingi huonekana baadaye, wakati mfugaji ameshasahau chanzo chake. Akili nayo huchelewa kuliko mwili. Kati ya miezi 6 na 12 mbwa huingia katika balehe, husahau mambo aliyokuwa ameyazoea, huitwa asiitike, na dume hutoroka kufuata harufu ya jike wa kijiji cha pili. Utulivu wa kweli huanza kuonekana kati ya miezi 18 na 24. Mfugaji asiyejua jambo hili humwadhibu mbwa katika miezi ambayo adhabu huharibu zaidi kuliko kurekebisha.

Sababu ya pili ni kwamba kazi yenyewe ni ngumu. Sungura wa porini hachimbi shimo kama wengi wanavyodhani. Mchana hujilaza katika kibonde kifupi chini ya kichaka au kando ya kichuguu, masikio yamelala mgongoni, na hubaki hapo bila kutikisika mpaka adui awe karibu kumkanyaga. Jioni na usiku hutoka kula machipukizi ya mikunde, na wakati wa kiangazi, majani mabichi yanapoadimika, hutafuna hata maganda ya miche michanga ya mizabibu. Akifukuzwa huenda kwa kasi kubwa, hukata kona ghafla, na mara nyingine hurudi juu ya nyayo zake mwenyewe kabla ya kuruka pembeni. Mbwa mdogo humfuata kwa macho, na sungura akishapotea machoni, kazi imekwisha. Mbwa aliyekomaa humfuata kwa pua, na ujuzi huo huja polepole.

Mfugaji anayetaka kuona tofauti hii atoke alfajiri baada ya usiku wa manyunyu, aende na mbwa wa miezi 10 kwenye ukingo wa shamba la karanga ambako kinyesi cha sungura, vidonge vidogo vya mviringo vyenye rangi ya majani makavu, bado kinaonekana kati ya mistari. Mbwa atashusha pua, mkia utaanza kupiga haraka, na kwa hatua 30 au 40 atakwenda sawasawa kabisa. Akifika mahali ambapo sungura alikata kona kuelekea kichakani, ataendelea mbele moja kwa moja kwa sababu miguu imeitangulia pua. Kisha atasimama, atainua kichwa, pengine atabweka hewani, na mwishowe atamgeukia mwenye mbwa kana kwamba anauliza. Mbwa mzoefu akifika hapohapo hupunguza mwendo, hurudi hadi mahali pa mwisho alipokuwa na uhakika na harufu, halafu huzunguka taratibu mpaka agundue ilikopindia. Hakuna maneno wala fimbo inayoweza kumfundisha mbwa hatua hiyo. Anachohitaji ni kukutana na kona hizo mara nyingi, na mwenyewe asimame kimya, asimwite, asimwelekeze kwa mkono, ampe nafasi ya kuhangaika hadi apate au achoke. Wafugaji wengi hukosea hapa: wakiona mbwa amepoteza harufu hupiga kelele za kumhimiza, naye hujifunza kumtegemea mtu badala ya pua yake.

Maandalizi huanza mapema zaidi kuliko siku hiyo. Kijibwa kisitenganishwe na mama yake kabla ya wiki 8, kwa kuwa ni kwa mama na ndugu zake anakojifunza kung'ata bila kuumiza. Kuanzia wiki ya 3 hadi ya 14 hivi ubongo wake hupokea kwa urahisi mno kila anachozoeshwa, hivyo huo ndio wakati wa kumweka karibu na mbuzi, kuku, punda, watoto na wageni wa nyumbani. Kaya inayofuga sungura wa bandani imzoeshe kijibwa harufu yao akiwa bado mdogo, akae karibu na banda akiwa amefungwa kamba na atuzwe kwa kutulia. Hata hivyo banda liwe imara daima, na mbwa asiachwe peke yake nao. Kuitwa kufundishwe kwa chakula: jina litajwe au filimbi ipigwe, aje, apewe tonge, kila siku, kabla hajawa na sababu yoyote ya kukataa.

Kuanzia miezi 4 hadi mwaka aende shambani kwa mwendo wa kutembea, na akishaanza kuvutwa na harufu afungwe kamba ndefu ya mita 10 hivi, ambayo humruhusu kunusa lakini haimruhusu kukurupuka kwa kasi. Akitimiza mwaka aanze kufunguliwa kwa muda mfupi, asubuhi, katika eneo la wazi. Akirudi amechelewa, hata kama amemwangusha moyo mwenyewe, asichapwe, kwa sababu mbwa huunganisha kipigo na jambo la mwisho alilofanya, yaani kurudi, na mara ijayo atakaa mbali zaidi. Watoto wanaochunga naye waambiwe jambo hili kwa msisitizo, wasimrushie mawe anapomkosa sungura, maana mara nyingi ndio wanaokaa na mbwa saa nyingi kuliko baba mwenye mji.

Kumwambatanisha mbwa mdogo na mbwa mzee ni desturi nzuri, lakini ina kikomo. Mbwa mzee humpa mdogo ujasiri na humwonyesha mahali pa kutafuta. Tatizo ni kwamba mdogo akitoka naye kila siku hukimbilia mkia wa mwenzake na haitumii pua yake mwenyewe, na kama mzee ana tabia ya kukimbiza mbuzi, tabia hiyo itarithiwa ndani ya siku chache. Inafaa watoke pamoja mara chache, na siku nyingine mdogo atoke peke yake na mwenyewe.

Mbwa ajifunze pia kwamba kazi yake inaishia mpakani mwa shamba. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma iliyo chini ya dhamana ya Rais, na kuwinda bila kibali ni kosa. Makala haya yanahusu kulinda mazao, na mkulima asimpeleke mbwa porini kusaka, hasa wakulima walio jirani na mapori ya akiba ya Swagaswaga na Mkungunero. Mwenye shaka amwone ofisa wanyamapori wa wilaya yake. Sungura akishavuka mpaka, mbwa aitwe na atuzwe kwa kurudi. Mbwa asiyeweza kuitwa arudi katikati ya mbio hajawa tayari kufunguliwa, haidhuru ana umri gani.

Hali ya hewa ya kanda ya kati huongeza uzito wa subira. Mvua zetu ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na nje ya miezi hiyo udongo mkavu na upepo hufanya harufu isikae chini, kiasi kwamba hata mbwa mzuri huonekana hafai kitu saa 5 asubuhi. Mbwa mdogo asipimwe kwa mazoezi ya Septemba. Zaidi ya hayo, mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na akikimbia juani huweza kufa kwa joto kali. Mazoezi yaishe kabla ya saa 3 asubuhi, na maji yabebwe. Kila akirudi nyumbani nyayo zikaguliwe kati ya vidole, kwa sababu mwiba mmoja wa mbigili uliozama huweza kumfanya mbwa mdogo achukie shamba kwa wiki nzima, na mwenyewe akadhani ni uvivu.

Lishe nayo huamua kama ukuaji utakamilika. Ugali wa mtama au uwele peke yake haumjengi mbwa anayekua. Aongezewe dagaa, mayai au maziwa. Mahindi na karanga zilizoota ukungu asipewe kabisa. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi na sumu hiyo, hivyo chakula kilichoharibika kisigeuzwe kuwa chakula cha mbwa. Mapafu na maini mabichi yenye malengelenge kutoka machinjioni yazikwe au yachomwe, kwa kuwa hubeba minyoo inayorudi kwa binadamu kupitia mbwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa itolewe akiwa na miezi 3 na kurudiwa kila mwaka kwa ushauri wa ofisa mifugo wa kata, na dawa za minyoo na kupe zisisubiri mbwa akonde.

Tathmini ya haki ifanyike mwishoni mwa msimu wa pili wa mvua. Mbwa anayefaa kwa kazi hii atakuwa anashusha pua bila kuambiwa, anarudi alikopotezea harufu, anaitika wito na anapita katikati ya mbuzi bila kuwashtua. Anayefanya matatu kati ya hayo aongezewe msimu mmoja. Anayeendelea kukimbiza mifugo baada ya muda huo asiendelee kupelekwa shambani. Afungwe usiku karibu na zizi, ambako sauti yake bado ni msaada mkubwa dhidi ya fisi na wezi, na asitumike kuzalisha, bali ahasiwe, ili vijibwa vya msimu ujao vitokane na wazazi waliothibitika.