Somo: Kupeleka darasa Makumbusho ya Elimu Viumbe Arusha, ukitokea Dodoma

Mara ya kwanza nilipopeleka wanafunzi Arusha tulifika saa nane mchana, watoto 52 hoi bin taabani, tukapita kumbini kama watu wanaokimbia mvua. Dakika arobaini wote wako nje. Jumatatu nikawapa insha ya "Nilichokiona". Zaidi ya nusu waliandika chipsi kuku walizokula Babati. Sikuwalaumu, maana chipsi ndicho kitu pekee walichokaa nacho kwa utulivu siku ile. Tangu hapo naanza kupanga na kile mtoto atakachokitazama. Basi linafuata baadaye.

Hatua ya 1: Chagua ukumbi mmoja
Makumbusho yamo ndani ya Boma la Wajerumani la mwaka 1900, karibu na Mnara wa Saa. Kuna chimbuko la binadamu, wadudu, na historia ya Boma lenyewe. Ukitaka vyote kwa siku moja hupati hata kimoja. Kidato cha kwanza nawapa chimbuko la binadamu, wa msingi nawapa wadudu.

Hatua ya 2: Barua, miezi miwili kabla
Mkuu wa shule aandike tarehe, saa, idadi ya wanafunzi na mada, aombe na mwongozaji. Uliza hapohapo kiingilio cha wanafunzi, ni cha chini kuliko cha watu wazima. Usikusanye hata shilingi kabla kibali cha Afisa Elimu hakijafika mkononi. Fomu ya ridhaa iwe na simu ya mzazi na nafasi ya kuandika pumu, kifafa, selimundu.

Hatua ya 3: Kamba ya katani
Hii usiiruke, hata ukiruka nyingine zote. Wiki moja kabla, nenda uwanjani na kamba ya mita 36. Sentimita moja ni miaka 1,000. Mtoto mmoja ashike mwanzo, ndiyo leo. Mwisho kabisa wa kamba simamisha watoto watakaowakilisha Laetoli, kule Ngorongoro, maana nyayo za viumbe wa jamii ya binadamu zilizogunduliwa pale mwaka 1978 zina miaka milioni 3.6. Zinjanthropus, au Zinj kwa kifupi, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu ambaye fuvu lake lilifukuliwa na Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, anakaa mita 17 na nusu. Binadamu wa aina yetu yuko mita 3 tu. Halafu waulize: Uhuru wa 1961 uko wapi? Watatafuta, watainama, mwisho watagundua haufiki hata milimita moja. Kwangu kelele zililipuka mpaka mwalimu wa zamu akaja kuuliza kulikoni.

Siku hiyohiyo mwaga maji kwenye udongo, watoto wapite peku, mpime hatua. Nyayo za Laetoli zilibaki hivyohivyo: majivu ya volkano, mvua kidogo, yakagandamana kama saruji, majivu mengine yakafunika juu.

Hatua ya 4: Njia
Ni zaidi ya kilomita 400 kupitia Kondoa na Babati, kwa hiyo siku ya kwanza ni ya safari tu. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, msisafiri usiku. Lala kwenye shule yenye bweni ambayo wanafunzi wake wako likizo. Ni nafuu kuliko gesti, na geti linafungwa. Kona za Kolo na Bereko zitawatapisha wengi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, basi beba ndoo mbili zenye mifuniko.

Hatua ya 5: Ndani
Ingieni asubuhi, vikundi vya kumi kumi, penseli tu. Kila mtoto achague kitu kimoja na akichore kwa robo saa. Anayechora analazimika kutazama. Binti mmoja, akichora nakala ya fuvu la Zinj, aliniita: "Mwalimu, mbona kichwani ana upanga kama jogoo?" Ule mfupa ndio ulioshika misuli ya taya. Magego yake makubwa, alikuwa mtafunaji hasa. Mimi nimefundisha mada ile miaka, na ule mfupa sikuwahi kuutaja darasani.

MASWALI

Mwalimu, Bahi: Shikamoo mwalimu. Shule yetu haina uwezo wa kufika Arusha. Tufanyeje?
Marahaba. Nendeni Kolo, mnarudi siku hiyohiyo. Michoro ya miambani ya Kondoa iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2006, na ni mkoa wetu. Mpite kwanza ofisi ya mambo ya kale mpewe mwongozaji, na watoto wavae viatu vya kupandia kilima. Hata nauli ya Kolo ikishindikana, Makumbusho ya Jiolojia yako hapahapa mjini.

Mwalimu, Mpwapwa: Mzazi amekataa kusaini. Anasema tunamfundisha mwanawe kwamba ametoka kwa nyani.
Usibishane naye mbele ya watu. Mkaribishe ofisini, mwoneshe mada kwenye muhtasari. Mweleze pia kwamba Zinj mwenyewe wataalamu hawamhesabu babu yetu. Ni tawi la pembeni lililokatika. Mzazi mmoja wa kwangu alisikia hivyo akacheka, akasaini. Asiposaini, heshimu, mtoto abaki na kazi ya kamba.

Mzazi, Area C: Walimu wangapi kwa watoto 50?
Watano, na mmoja awe matroni. Dereva usimhesabu.

Mwalimu, Chamwino: Kwa nini msiende Dar kwa treni ya SGR?
Tangu 2024 inawezekana, na fuvu halisi la Zinj linahifadhiwa Makumbusho ya Taifa kulekule. Sisi tunajaribu muhula ujao. Kata tiketi mapema kwa orodha ya majina, la sivyo mtagawanywa kwenye mabehewa matatu na wewe utashinda njia nzima unahesabu vichwa.