Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, fuatilieni alama zenu kabla ya UE (mtihani wa mwisho wa muhula)

Kwa mliotoka form six mkiwa mmezoea mtihani mmoja wa mwisho ndo unaamua kila kitu, chuo sio hivyo jamani. Vyuo vyetu vingi hapa Tanzania UE inabeba alama 60 kati ya 100, zile 40 unazikusanya mdogo mdogo kwenye testi na asaimenti, na vyuo vingine usipofikisha kiwango chao cha chini kwenye hizo 40 hata mlango wa chumba cha UE huuoni.

Sasa fanya hivi, chukua daftari moja, kila somo liwe na ukurasa wake, andika testi ya kwanza umepata ngapi, ya pili ngapi, asaimenti ngapi, na kila asaimenti ipige picha kwa simu kabla hujakabidhi, hata ya grupu, hakikisha jina lako na namba ya usajili vinaonekana kwenye picha. Rumeti wangu alama zake za testi hazikuonekana kwenye matokeo yaliyobandikwa, akanyamaza akiogopa kumsumbua lekchara, tukaja kushtuka wiki ya mitihani, akaishia kurudia somo zima na karatasi alikuwa nayo begini!

Ukiona pengo nenda siku hiyohiyo, anza na CR (mwakilishi wa darasa), kisha lekchara mwenyewe, kisha ofisi ya idara. Na bumu (hela ya mkopo wa kujikimu) likiingia lipa kwanza chumba na chakula cha mwezi, maana njaa ndo inawatoa wengi darasani.